Mshiriki Namba Saba

Naomba itambulike kwamba hadi Julai hii, katika miaka yangu kumi na saba, nilikuwa nimesema ukweli mtupu mara moja tu, na niliyemwambia ni dada yangu Maryanne.

Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya elimu, teknolojia ya dijitali na jamii. Likizo ya Aprili, nyumbani Kitengela, aliniketisha mezani, akawasha kinasa sauti, akaapa kwamba sitajulikana. Ningeitwa Mshiriki Namba Saba. Cheo kilinipendeza, nikamwaga yote: kompyuta za shule yetu ya bweni kule Kajiado zilikufa nikiwa Form One, hakuna mwalimu anayezigusa, kwa hiyo ndani ya moja tunaficha simu.

"Ni yako?"

"Ya Muturi. Mimi naweka ufunguo tu."

Muturi analala kitanda cha juu yangu. Alikuwa ameshikwa na simu mara mbili, na barua aliyopewa ilisema ya tatu ni kufukuzwa. Mtihani wetu wa Form Four ni Novemba.

Mwezi Julai Maryanne alikuja na profesa wake kuwaonyesha walimu wetu matokeo ya utafiti. Mimi, prefekti wa chumba cha kompyuta, nilibeba projekta kwa unyenyekevu unaostahili. Nikasimama nyuma, nikasoma ukutani maneno yangu mwenyewe:

"Kompyuta za shule hazijatufunza kitu, lakini zinaweka siri. Simu ni ya boy wa kitanda cha juu. Mimi naweka ufunguo tu. Mshiriki Namba Saba."

Walimu wakacheka. Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Mbaluka, hakucheka.

"Ufunguo wa kile chumba uko na nani?" akauliza.

Vichwa vyote vikanigeukia. Mbaluka akauchukua, akatoka, akarudi na simu iliyojaa vumbi.

"Ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

"Hapo imeandikwa ni ya kitanda cha juu."

"Hiyo nilimdanganya dadangu. Mwalimu, si unanijua."

Ananijua. Muhula uliopita nilieneza habari kwamba wakaguzi wa wizara wanakuja, na walimu wakavaa tai siku mbili. Kwa mara ya kwanza sifa zangu mbaya zilielekea kumfaa mtu. Mbaluka alinitazama, nikaona ameanza kuniamini.

Kisha akamgeukia Maryanne. "Madam, huyu kijana alikudanganya?"

Profesa aliinua kalamu. Maryanne anamjua Muturi. Muturi amewahi kula chapati za dada yangu kwetu, akaosha na vyombo. Nilimkazia macho dada yangu kwa heshima zote nilizo nazo. Neno moja tu: ndiyo.

"Hapana," alisema, akitazama projekta. "Data yangu niliihakiki."

Mbaluka akanituma mimi nikamwite Muturi.

Nilimkuta darasani ameinamia ramani ya Bonde la Ufa aliyoichora nusu, ameuma penseli.

"Niaje Morgan. Siz yako amemaliza kutusoma? Amesema sisi ni wajinga kiasi gani?"

"Unaitwa na Mbaluka."

"Ya nini?"

"Simu."

Penseli ikamtoka mdomoni. Alitazama mlango, akanitazama mimi.

"Nani amenitaja?"

Nilikuwa na uongo mzuri sana, wa aina tatu, wote tayari.

"Mimi," nikasema.