Mto wa Dakika ya Kumi na Tisa

Jumapili saa nne asubuhi Fundi Spika alivuta futi kamba. Futi sita kutoka ukutani, spika zote mbili zikitazama kiti cha mama yake. Akatundika mablanketi kuua mwangwi, akabadilisha sindano, akachora chaki sakafuni ili mtu asisogeze kitu. Miaka minne alikuwa akihangaika kuitakasa sauti ya santuri moja tu, ya okestra aliyopigia baba yake. Ofisi ya okestra iliandika kwamba mzee alifia nyumbani siku ya kurekodi, baada ya kazi. Nyumbani hakurudi. Mama alitaka kujua, basi.

Zamani santuri ililia kama iko ndani ya pipa. Leo ilitakata hadi zikasikika karatasi zikifunuliwa, kisha pumzi, kisha wanamuziki wenyewe wakawa wamekaa. Fidla zilijaa sebuleni. Tarumbeta zilikosa nafasi zikaenda jikoni. Mama akawasogezea sufuria.

Mzee alikuwa nyuma kabisa, mlangoni, kakumbatia besi yake, ile fidla inayomzidi mtu kimo. Jasho linamtiririka.

"Shati hilo nilimkataza," mama alisema.

Dakika ya kumi na saba, mzee alinong'ona: "Mkuu, kifua kinanibana. Naomba nitoke."

"Tumalize kwanza," mwongozaji alijibu bila kugeuka.

Dakika ya kumi na tisa akaanguka, puu! Mwenzake akaidaka besi kwa goti isigonge chini. Wakaendelea kupiga mpaka mwisho, tena vizuri sana.

Fundi akairudisha santuri mwanzo. Safari hii aliinua sindano kabla mzee hajaanguka. Wote wakaganda. Mzee naye akaganda, mkono kifuani, mdomo wazi, macho tu yanahangaika. Fundi akamkamata kiuno, akavuta kama anang'oa kisiki. Wapi!

"Shusha sindano, mwanangu."

"Nikishusha anakufa, mama."

"Usiposhusha je? Utamwacha ananing'inia hivyo mpaka lini? Shusha, nakwambia!"

Akashusha.

Jumatatu alimleta meneja wa okestra. Meneja alikalia kiti cha mama, akafumba macho, akawa anatikisa kichwa taratibu. Puu ilipolia, akakunja uso.

"Spika umeunda mwenyewe? Kijana, una mkono."

"Mzee umemwona?"

"Nimemwona. Poleni sana. Ila barua ilishaandikwa, siwezi kuifufua. Mimi kinachoniudhi ni hicho kishindo. Kinaharibu pale patamu."

Akamruka mzee pale chini, akamuaga mama kwa adabu, akaenda zake.

Fundi akaichomoa santuri aipasue gotini. Mama akaidaka.

"Utampasua na baba yako?"

Jumapili iliyofuata mama alitoka chumbani na mto wake wa kulalia. Akaupiga-piga ukaumuka, akauweka mlangoni, pale kichwa cha mzee kinapofikia. Kisha akakaa.

Dakika ya kumi na tisa mzee aliangukia mto. Fundi, na masikio yake yale yanayosikia hata pumzi, alitega. Hakusikia kishindo.

Rekodi sasa ni safi, kama meneja alivyotaka.