Kumwandaa Mwenyekiti

Kila mkutano wa mipango ulipokaribia, Fransiska alifunga safari kwenda Momela, nyumbani kwa mwenyekiti. Yeye alikuwa katibu wa kamati ya ushauri wa kisayansi, kamati ya mabingwa wa maji, miamba na afya waliokutana Arusha mjini kuamua ni chemchemi zipi za Mlima Meru zipimwe na ni vijiji vipi vitangulie kupata maji salama. Maji mengi ya upande ule yamejaa madini ya floraidi. Hugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na wengine huwapinda miguu kabla hawajaanza shule. Kwa hiyo haukuwa mkutano wa kwenda kichwa kichwa.

Mwenyekiti alikuwa Profesa Nathanael. Ndiye aliyemfundisha Fransiska chuoni na kumsimamia utafiti wake wa kwanza, na Fransiska alipofiwa na baba yake, ndiye aliyekaa na wazee wa ukoo akipokea wageni kana kwamba msiba ni wake. Maandalizi yao hayakuwa na makuu. Walikaa barazani na makabrasha ya mkutano, Profesa akikosoa hiki na kukubali kile, na mkewe, Mama Anande, akawaletea bakuli za loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, wasije wakasahau kula.

Safari hii walipofika kwenye majina ya wajumbe, Profesa alisita.

“Na Jabiri? Mbona simwoni humu?”

Fransiska alidhani amesikia vibaya. Dokta Jabiri, mjumbe mwenzao, alifariki masika yaliyopita. Enzi za ujana wao, yeye na Profesa waliupanda mlima pamoja wakibeba chupa za maji mgongoni, Mmeru wa Kilutheri na Mwislamu wa mtaa wa Levolosi mjini, wakalala kwenye hema moja hadi watu wakawaita pacha. Siku ya maziko Profesa alitupia udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe.

Fransiska akamjibu taratibu kwamba Dokta Jabiri alikwishafariki, na kwamba walimzika wote.

Mzee alimkodolea macho. Aliuliza Jabiri aliugua nini, nani alimuuguza, na kwa nini yeye hakuambiwa. Kisha akalia. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeletewa habari saa ile ile, maana kwake ndivyo ilivyokuwa.

Mama Anande alimwita Fransiska jikoni. Akamweleza, huku akikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa, kwamba hali hiyo ilianza kidogo kidogo. Kwanza ilikuwa funguo, kisha njia ya kanisani, sasa ni watu. Kila akiambiwa kuhusu Jabiri, anafiwa upya.

“Mimi nimeacha kumwambia,” alisema. “Namjibu yuko safarini, yanaisha. Nawe usimwambie tena, mwanangu. Mwache aongoze mkutano huu mmoja, aage kwa heshima. Baada ya hapo nitamwomba apumzike.”

Fransiska aliujua wajibu wake. Ilimpasa kuwaarifu wajumbe mapema, kwa upole, wamchague mwingine. Lakini alipochungulia barazani na kumwona mzee akijifuta uso kwa leso, wajibu ule ukamshinda. Akakubali.

Alirudi tena siku chache kabla ya mkutano, akamkuta Profesa yuko vizuri. Alizungumza juu ya chemchemi za mteremko wa mashariki kwa ufasaha wa zamani, akimwonyesha kwa kidole mahali maji yanapopita kwenye majivu ya volkano na kubeba sumu. Fransiska akafurahi, akajiambia kwamba labda hofu yao ilizidi. Ndipo mzee akamgeukia.

“Jabiri atakuja?”

Alikwishajipanga kusema kwamba yuko safarini. Lakini uso ule ulikuwa na matumaini mengi, na neno lililomtoka likawa jingine.

“Atakuja, Profesa.”

Siku ya mkutano walikutana katika ukumbi mdogo mjini. Miongoni mwa wajumbe alikuwepo Rukaiya, binti wa marehemu Jabiri, daktari wa mifupa aliyeteuliwa kuziba pengo la baba yake. Profesa alisindikizwa na Mama Anande hadi mlangoni, akaingia amevaa suti yake ya kijivu, akawasalimu mmoja mmoja, akafungua kwa maneno mazuri hata Fransiska akashusha pumzi. Walipofika kwenye ajenda ya chemchemi, akaweka kalamu chini.

“Hapa tumsubiri Jabiri,” alisema.

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akajifanya anatafuta kitu mkobani. Profesa akasubiri kwa utulivu, akitazama mlango, kisha akamwambia Fransiska ampigie simu, kwa kuwa ni yeye aliyesema atakuja. Fransiska akaichukua simu. Namba ya Dokta Jabiri ilikuwa bado imo, hakuwahi kuifuta. Akabaki ameishika tu.

Aliyeinuka ni Rukaiya. Alizunguka meza, akapiga goti kando ya kiti cha mzee.

“Shikamoo, baba mkubwa.”

“Marahaba. Wewe ni wa Jabiri, nimekujua kwa macho hayo. Baba yako amekwama wapi?”

“Baba alishatutangulia, baba mkubwa. Ulikuja Levolosi kumzika.”

Safari hii Profesa hakulia. Aligeuza kichwa polepole hadi macho yake yakamfikia Fransiska.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Ukaniacha nije kumsubiri mbele za watu.”

Mzee akavua miwani, akawaambia wajumbe kuwa anaumwa na kwamba hakujua ugonjwa umefika wapi, akawaomba radhi. Akamwomba Rukaiya akalie kiti chake, maana watoto wanaendelea kunywa maji yale yale. Kisha akatoka, akiupapasa ukuta kwa mkono.

Katibu hana ruhusa ya kuondoka. Fransiska alibaki akiandika waliyosema wengine, na kupitia dirishani akamwona Profesa amekaa kwenye benchi nje, Mama Anande akimfungulia kifungo cha shingo. Kamati ilikubaliana kwamba vijiji vya mashariki vitangulie. Mkutano ulipofungwa, benchi lilikuwa tupu.

Usiku wa siku kadhaa ulimpita bila usingizi, akitunga maneno ya kuomba msamaha. Jumapili, baada ya ibada, akaenda Momela. Profesa alimpokea kwa furaha, akamuuliza habari za nyumbani, akamkaribisha barazani.

“Nilikuwa nakungoja,” alisema. “Mkutano wa mipango ni lini? Hatujajiandaa.”

Fransiska akamtazama Mama Anande mlangoni. Mama akatikisa kichwa tu, akaingia ndani.

Hapo Fransiska alielewa kwamba Profesa aliyekosewa siku ile hayupo tena wa kumsamehe. Kuomba radhi kungemlazimu kulieleza kosa, na kulieleza kosa ni kumwua Jabiri mara nyingine ili yeye apate nafuu moyoni. Akayameza maneno yote aliyoyatunga. Akasema mkutano umekwisha, umekwenda salama, na vijiji vya mashariki vimepewa kipaumbele.

Profesa akamshukuru Mungu. Akafikiri kidogo, paji la uso limekunjamana kama zamani, akauliza iwapo wamepanga mtu wa kuyapima maji hayo kila msimu, maana watu hupenda kufunga mitambo ya kusafisha maji kisha wakaitelekeza. Hakuna mjumbe aliyekuwa ameliuliza swali hilo.

“Nitalipeleka, Profesa,” Fransiska alisema, machozi yakimlengalenga.

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Punde akasinzia kitini. Fransiska akakaa naye pale, hadi Mama Anande alipotoka na blanketi na kumwomba amsaidie kumvua viatu.