Nafuu ya Mzee Anosisye

Daktari mgeni alipomaliza kuongea, watu wote pale kitandani walimgeukia Doreen. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapo Tukuyu, na nesi wa zamu alipoitwa haraka wodi ya wazazi, ni yeye mwenyewe aliyesema, "Msisumbuke, mimi nitatafsiri. Huyu ni baba yangu."

Sasa akajuta. Daktari alikuwa ametumia maneno machache, kwa sauti ya chini, na lililomganda Doreen kichwani lilikuwa moja tu: comfortable. Kwamba kuanzia leo kazi yao ni kumfanya mzee awe comfortable. Wiki iliyopita alikuwa ameliandika neno hilohilo ubaoni, kidato cha pili wakagombania kunyoosha mikono. Kiti cha kukalia vizuri. Viatu visivyobana. Mtu mwenye uwezo wake. Mtu asiye na wasiwasi. Akawaongezea visawe, wakanakili, kengele ikalia. Hakuna aliyetaja habari za mgonjwa ambaye ini lake limekwisha, na yeye mwalimu hakuwafundisha.

"Anasemaje?" mama yake akauliza. Alikuwa ametoka kijijini kwao Kinyala asubuhi ile kwenye mvua, khanga yake bado mbichi mabegani, na mapajani amepakata hotipoti ya ndizi.

Doreen akaitazama hotipoti. "Anasema watahakikisha baba anapata nafuu."

Haukuwa uongo. Ndivyo alivyojiambia. Mtu akiondolewa maumivu, si amepata nafuu? Lakini alijua mama yake angelisikiaje neno hilo, na alilichagua akiwa anajua.

"Asante Yesu!" Mama akafumba macho. "Asante, daktari. Ndaga, ndaga." Daktari akatabasamu kwa huzuni, akamgusa bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Hata kabla ya kufungua hotipoti, mama alitoa simu na kumpigia Gwamaka, kaka yake Doreen, dereva wa malori ya Kongo. Alikuwa ameshavuka mpaka wa Tunduma, yuko ndani Zambia na mzigo wake.

"Usikatize safari, mwanangu," mama alimwambia, akipaza sauti kana kwamba Zambia yote imsikie. "Baba yako anapata nafuu. Daktari mwenyewe kasema. Dada yako yuko hapa, kamsikia kwa Kiingereza."

Doreen alisimama akiukunja ukingo wa shuka. Hapo ndipo angesema. Hakusema.

Kesho yake dawa ya maji waliyomnywesha mzee ilifanya kazi. Mzee Anosisye, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akiuma mto ili asilie mbele ya mkewe, alilala usingizi wa kweli. Alipoamka aliomba uji, akanywa vijiko kadhaa, akauliza kama mahindi ya bondeni yamepaliliwa. Mama akacheka kwa sauti hadi wagonjwa wengine wakageuka. Jirani mmoja wa kanisani alipopiga simu kuuliza kama mchungaji aje kumwombea mgonjwa, mama alimjibu asubiri Jumapili, watashukuru wote pamoja nyumbani. Kila neno lilimchoma Doreen.

Mchana mama alipotoka kwenda kufua, mzee alimwita kwa kidole.

"Doreen. Yule mzungu alisemaje?"

"Alisema utapata nafuu, baba."

"Hayo ni ya mama yako. Mimi nakuuliza alisemaje."

Doreen akaketi ukingoni mwa kitanda. Alijaribu neno moja, akaliacha, akajaribu lingine. Mwisho akasema, "Alisema watahakikisha huumii tena, baba. Basi."

"Hakusema kutibu?"

"Hakusema."

Mzee alitazama dirishani, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba.

"Ndaga, mwanangu," akasema. "Basi mwiteni Gwamaka."

Doreen akatoka mbio. Alimkuta mama yake kwenye karo nyuma ya wodi, amejaa povu hadi viwikoni. Akamwambia yote akiwa amesimama.

Mama hakupiga kelele. Aliendelea kulisugua shuka lilelile, palepale.

"Uliniambia nafuu."

"Ndiyo, mama."

"Na uliponisikia nikimwambia mwenzio asirudi?"

Doreen akanyoosha mkono amsaidie shuka, mama akalivuta kwake.

"Mimi Kiingereza sijui," mama akasema. "Ningeletewa mtu baki anitafsirie, ningemwuliza mara mbili. Wewe sikukuuliza, kwa sababu ni wewe." Akakamua shuka, akamkabidhi simu kwa mkono uliolowa. "Mpigie. Mwambie kwa mdomo wako."

Gwamaka alipokea akiwa Ndola, Zambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja, "Nakuja," akakata. Lori alimwachia utingo wake, akatafuta basi la kurudi mpakani. Usiku huo walimpigia ili azungumze na baba yake, lakini simu yake haikupatikana. Mzee aliulizia mara kadhaa amefika wapi. Doreen alimjibu kila mara kwamba yuko njiani, na safari hii lilikuwa jibu la kweli.

Mzee Anosisye alifariki kesho yake adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, bila kulalamika. Gwamaka alifika Kinyala jioni, akakuta turubai limeshafungwa uani na wanawake wanamenya ndizi za msiba. Aliingia ndani moja kwa moja. Kilio chake kilisikika hadi barabarani.

Baada ya maziko alimfuata Doreen nyuma ya jiko.

"Alisema neno gani hasa?"

Doreen akamtajia.

Gwamaka akalirudia polepole. "Hilo nalijua. Limeandikwa kwenye mabasi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimevuka Tunduma, Doreen, sijafika mbali. Mama asingeniambia vile, ningegeuza palepale."

"Niliogopa kumwona mama akianguka."

"Sasa hakuanguka?"

Alimpita akaenda kukaa na wanaume. Siku ya kuondoka aliaga kila mtu mkono kwa mkono, na kwa Doreen aliinamisha tu kichwa. Siku chache baadaye alipiga simu kwa mama. Walipomaliza kuongea, mama, bila kuulizwa, alimpa Doreen simu.

"Umefika salama?" Doreen akauliza.

"Nimefika."

Kwa Gwamaka kulikuwa na mngurumo wa injini na mtu anayemwita aondoe gari.

"Mwangalie mama," akasema, simu ikakatika.