Bomba la Pango la Zimwi

Verner, jirani yangu, ni mtu wa maneno machache hata kwa kipimo cha hapa Jutland, Denmark, ambako mtu akila mpaka akalamba sahani husema chakula si kibaya. Siku binti yake alipohitimu udaktari, Verner alisema si mbaya. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, alimtazama, akamgusa pua, akasema naye si mbaya. Marehemu mume wangu, Kaj, alikuwa akimwita "Redio", na mpaka leo sijui kama Verner aliwahi kuuelewa utani huo.

Mkewe, Jytte, ndiye rafiki yangu. Walipokaribia kutimiza miaka hamsini ya ndoa, Jytte alikuja kwangu kunywa kahawa, nikamuuliza anataka zawadi gani. Kwetu majirani ndio wanaowajengea maharusi wakongwe upinde wa matawi ya misonobari mlangoni na kwenda kuwaimbia asubuhi, kwa hiyo swali lilikuwa halali yangu.

"Nataka Pango la Zimwi," akasema.

Nilicheka. Pango la Zimwi ulikuwa mchezo katika bustani ya burudani ya Søndervang, nje kidogo ya mji. Mnapanda wawili wawili kwenye kimashua chenye umbo la kiatu cha mbao, mtalawanda wa zimwi. Maji yanawachukua polepole ndani ya handaki lenye giza, mnalipita zimwi la plasta linalokoroma, mnatokea upande wa pili penye harufu ya soseji. Basi. Ulifungwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na sasa pale juu watu wanacheza gofu ya watoto.

"Kwa umri huu, shoga, unataka kukoromewa? Si una Verner?"

Hakucheka. "Verner aliniambia ananipenda mle ndani, tulipokuwa wachumba. Tulipooana tukawa tunakwenda kila mwaka siku ya ndoa yetu, na kila mwaka, tukifika kwenye kona ya zimwi, anasema tena. Mara moja tu, taratibu, kama anasoma mita ya umeme. Halafu tunatoka, tunakula soseji. Wakaufunga ule mchezo. Tangu hapo, Tove, hajasema."

"Hata siku moja?"

"Nilimuuliza mara moja jikoni. Akaangalia juu, akasema ile taa inataka kubadilishwa."

Alijaribu kutabasamu, akashindwa, akajisingizia kahawa ni ya moto. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilitamani kuvuka ua nikamtikise Verner mpaka limtoke neno. Badala yake nilivaa koti, nikaenda kwa Flemming.

Flemming anakaa mwisho wa barabara yetu, na ni mwenyekiti wa kilabu cha watu wanaoomboleza michezo iliyofungwa. Wanakutana kila mwezi, wanakula keki, wanaoneshana picha za bembea zilizokufa. Ghalani kwake ana farasi wa mbao asiye na mkia, mkono mmoja wa pweza wa chuma, na, kitu anachokipenda kuliko ndugu zake, mtalawanda mmoja wa Pango la Zimwi. Hajawahi kumwazima mtu hata skrubu.

"Hapana," akasema kabla sijamaliza.

"Ni kwa asubuhi moja tu."

"Hapana, Tove. Na kwanza, unajua hata ulifungwa kwa nini?"

Nilijua aliyoyajua kila mtu. Wengine walisema alizama mtoto, ingawa maji yalikuwa ya magotini. Wengine walisema mke wa mchungaji alizimia. Verner mwenyewe, ukimuuliza, alikuwa akijibu "maji yalivuja" na kuondoka.

"Uongo mtupu," Flemming akasema. Alikuwa amekwenda kumtembelea binti wa yule mwenye bustani, akarudi na habari kamili, na sasa alikuwa na mtu wa kumsimulia. "Ni bomba. Pale kwenye kona ya zimwi, ukutani, palikuwa na bomba la maji. Vijana wakifika pale wanalishika, mashua inasimama, wanabusiana. Mashua ya nyuma nayo inasimama, nao wanabusiana. Safari ya dakika chache ikawa robo saa. Foleni ikafika kwenye kibanda cha soseji, watu wakachoka, wakaenda bustani nyingine. Mwendeshaji alikuwa akipiga kelele mlangoni, 'Achieni bomba!' Nani alimsikia?"

"Usinitazame mimi," nikasema, maana Kaj alikuwa na mikono mirefu.

"Wakalipaka grisi. Wasichana wakawa wanatoka na alama za vidole vyeusi mgongoni. Wakatundika taa pale konani. Ikazimika. Wakamwita fundi, akaitengeneza, kesho yake ikazimika tena. Majira mazima ya kiangazi, fundi anakuja, taa inazimika. Mwishowe mwenye bustani akasema basi, akafukia."

Kwa hiyo wanaoulilia mchezo ule ndio waliouua. Niliona haya kidogo, na nilicheka pia. Kisha kitu kikanijia.

"Flemming. Enzi zile mji huu ulikuwa na mafundi umeme wangapi?"

"Mmoja tu," akasema, na mdomo ukabaki wazi. Tulimjua sote, ni jirani yangu. Verner hakuwahi kutengeneza taa ikazimika kesho yake, si kwangu, si kwa mtu yeyote.

Flemming alivua kofia, akakaa juu ya mkono wa pweza. "Kichukue kiatu," akasema. "Na bomba ninalo."

Siku yenyewe tulifika kukiwa kumepambazuka vizuri. Upinde wetu ulianzia mlangoni pao ukaenda mpaka getini, matawi ya misonobari juu ya maturubai meusi ya mkulima, giza tupu ndani, na katikati, ubavuni, tulifunga bomba la Flemming. Mtalawanda ulikuwa juu ya toroli. Tarumbeta ilipigwa, tukaimba, na wenyewe wakatoka. Verner alikuwa amevaa shati jipya.

"Nini hiki?"

"Upinde," nikasema.

"Mrefu."

Jytte alikitazama kiatu, akashika mdomo, akapanda upesi kuliko nilivyodhani magoti yake yanaruhusu. Verner alisimama. Alipitisha kidole pale ubavuni rangi ilipobanduka. Niliogopa, maana angesema neno moja la kukataa, tungekuwa tumemwaibisha Jytte mbele ya mtaa mzima.

"Mimi ni mzee," akasema.

"Zimwi ni zee kuliko wewe," Flemming akamjibu. "Panda, bwana."

Akapanda. Flemming na mimi tukasukuma. Ndani hatukuona kitu, tulisikia magurudumu tu, na tulipofika katikati toroli likagoma.

"Gurudumu limekwama," Flemming akanong'ona, akaanza kuinama.

"Halijakwama," ikasema sauti ya Verner gizani. "Nyinyi wawili, tokeni."

Tulitoka getini, ambako majirani wengine walikuwa wakingoja na meza ya mikate, jibini na mayai. Tukangoja. Mpiga tarumbeta aliinua chombo, nikamkata jicho, akakishusha. Mayai yalipoa. Flemming alijaza pumzi, na nikajua anataka kupiga ule ukelele wa mwendeshaji, basi nikamkanyaga kidole cha mguu, kwa nguvu zote.

Mwishowe magurudumu yakalia. Walitokea, Verner akisukuma kwa mguu mmoja kama mtoto. Jytte alikuwa akilia na wala hajifuti. Verner alikuwa mwekundu mpaka masikioni, akatangaza kwamba matawi hayakufungwa vibaya.

"Flemming," Jytte akasema, bado amekaa kiatuni, "hiki unakitaka lini?"

"Kilabu tunakutana Jumamosi," Flemming akaanza. Akamtazama Jytte, kisha mimi, kisha kidole chake. "Mtakapokichoka."

"Basi kitaozea hapa," Verner akasema, akamshika mkewe mkono, wakaenda kunywa kahawa.