Watatu Ndani ya Batamaji

Hynek alikuwa amesimama kwenye kivuli cha jumba la maigizo, kando ya mto pale Prague, akimsubiri Otakar arudi na aiskrimu, Blanka alipomshika mkono na kumwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia.

"Tukirudi Olomouc, mimi siendi nyumbani. Nimepata chumba kwa dada yangu. Namwacha."

"Unamwacha nani? Otakar?"

"Kwani nina mume mwingine, Hynek?"

Hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja duka atakalopitia jioni. Hynek akamuuliza kama Otakar anajua.

"Hajui. Nitamwambia tukishafika, sitaki kumharibia likizo. Ila wewe usiniache naye peke yangu. Tafadhali. Tukibaki wawili tu, atanisoma usoni."

Mara Otakar akatokea, aiskrimu zinamchuruzika vidoleni, kofia imemkaa upande, na kabla hajawafikia alishaanza kueleza jinsi jumba lile lilivyoungua na watu walivyochanga pesa kulijenga upya. Alikuwa mwalimu wa jiografia. Mji mzima ulikuwa darasa lake, na wanafunzi wake walikuwa wawili tu, hawa hawa, tangu wote watatu wakiwa sekondari. Kila kiangazi walisafiri pamoja. Mke wa Hynek alikuwemo zamani. Alipoondoka, safari ziliendelea vilevile. Hynek alikuwa fundi wa miwani, mtu wa maneno machache, na watu wa namna hiyo ndio wanaomiminiwa siri za wengine.

Jioni walikula nyama ya mchuzi na matonge ya unga kwenye baa moja iliyojaa wageni. Blanka alipokwenda msalani, Otakar aliinama juu ya meza hadi tai yake ikagusa mchuzi.

"Ndugu yangu, nimeuza pikipiki."

"Pikipiki gani? Ile yako?"

"Ile ile. Nimenunua kile kijumba cha mashambani, cha karibu na bwawa, ambacho Blanka anakililia miaka yote. Hajui chochote! Kesho tunakodi boti, palepale nilipomchumbia, nimwambie."

Hynek aliweka uma chini. "Basi nendeni wawili. Hayo ni mambo yenu."

"Wacha wee! Siku ile nani alikuwa anakanyaga pedeli? Si wewe? Mimi miguu ilikuwa inatetemeka kama ya ndama! Lazima uwepo, bwana. Na ukimwambia neno, nakunyonga."

Blanka akarudi, akaketi, akauliza wanacheka nini. Aliyekuwa akicheka ni Otakar peke yake.

Usiku ule Hynek alilala kitanda cha katikati, maana chumba walichopanga kilikuwa na vitanda vitatu vilivyobanana. Kulia mmoja anakoroma, kushoto mwingine anajifanya amelala. Alipanga maneno ya kumwambia huyu, akayafuta. Akapanga ya kumwambia yule, akayafuta pia. Asubuhi akajaribu kusema kichwa kinamuuma.

"Ni jua hilo. Upepo wa mtoni utakutibu," alisema Otakar.

"Njoo, Hynek," alisema Blanka, na macho yake yalikuwa yanamsihi.

Boti zote nzuri zilikuwa zimechukuliwa. Iliyobaki ilikuwa na umbo la batamaji mweupe mwenye shingo ndefu, rangi imebambuka mdomoni. Wakavaa majaketi ya kuelea, mke na mume wakakaa mbele kwenye pedeli, Hynek akakaa nyuma, magoti yamemfika kidevuni. Wakatoka taratibu hadi katikati ya mto, wakakiacha kando kisiwa kidogo. Joto lilikuwa kali. Juu ya daraja tramu zilipita, na mbele yao, kabla ya lile daraja la zamani lenye sanamu, palikuwa na mstari wa maboya, na nyuma ya maboya maji yaliporomoka kwa kishindo.

Otakar alianza habari za mfalme aliyelijenga daraja. Akiwa katikati ya mfalme, kitu kikalia *kwa!* chini ya miguu yao, na pedeli zikawa zinazunguka bure.

"Mnyororo umekatika," alisema Blanka. "Mpigie kelele yule mwenye boti."

"Hawezi kutusikia, yuko mbali. Atatuona tu." Otakar aliondoa miguu kwenye pedeli, akajifuta jasho, na uso wake ukachangamka ghafla. "Kumbe bora! Hakuna wa kukimbia. Blanka, nisikilize."

"Otakar, subiri kwanza," alisema Hynek.

"Subiri wewe!"

Akasema yote. Kijumba, bwawa, mti wa cheri nyuma ya jiko, pikipiki aliyoiuza bila kusikitika, jinsi watakavyozeeka pale wakinywa chai barazani. Batamaji akazunguka polepole. Boti ya watalii ikapita karibu, watu wakawapungia mikono na kuwapiga picha.

Blanka hakumtazama mumewe. Aligeuza shingo, akamtazama Hynek.

Otakar aliuona mtazamo ule. Mwalimu huwajua watoto wanaotazamana.

"Kuna nini?" aliuliza. "Hynek? Kuna nini?"

"Muulize mkeo."

"Nakuuliza wewe."

"Nakuacha, Otakar," alisema Blanka. "Nilitaka kukuambia nyumbani. Hynek anajua."

Otakar alishika kola ya shati lake. Kisha akamwambia Hynek kwa sauti ndogo, "Ulijua, na ukaniacha nikavae shati jipya?"

"Na hiki kijumba je?" Blanka naye alimdakia Hynek, macho yamewaka. "Hiki nacho ulikijua? Ulijua anataka kunitangazia hapa, na hukuniambia?"

"Alinikataza! Na wewe ulinikataza! Mlitaka nifanye nini?"

"Useme!" walijibu wote wawili, kwa pamoja.

Hynek akatafuta pa kuangalia. Mbele, migongo yao miwili. Nyuma, mkia wa batamaji. Chini ya kiti palikuwa na kamba ya kufungia boti. Akavua viatu, akaweka miwani yake ndani ya kiatu, akashika ncha ya kamba na kujitupa mtoni.

Maji yalikuwa baridi kupita alivyodhania. Hakuwa mwogeleaji hodari, lakini jaketi la kuelea lilimbeba. Akavuta kamba, akipiga miguu kuelekea kwenye kisiwa.

"Wewe una wazimu? Panda!" alipiga kelele Otakar.

"Sipandi!" alijibu, maji yamemjaa mdomoni. "Ongeeni nyie!"

Akaendelea kuvuta. Hakujua kama boti ilisogea. Mkondo nao ulikuwa na mipango yake. Ila nyuma yake alisikia sauti zao, ya Blanka ikipanda, ya Otakar ikishuka, maneno asiyoyapata kwa sababu ya maji masikioni. Hakujaribu kuyapata. Mwenye boti alipowafikia kwa boti yake ya injini, alimkuta ameng'ang'ania kamba, midomo imegeuka buluu, na batamaji bado yuko mbali na ukingo.

Blanka aliondoka na treni ya alasiri. Otakar alimbebea sanduku hadi kituoni, kisha akarudi chumbani, akaketi kitandani na kofia yake kichwani.

"Alikuambia lini?" aliuliza.

"Jana, ulipokwenda kununua aiskrimu."

"Jana?" Otakar alishusha pumzi ndefu. "Nilidhani mwaka mzima mnanicheka."

"Hakuna aliyekucheka."

Simu ya Hynek ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Blanka kutoka njiani: *Otakar amekula? Mwambie dawa yake ya presha iko kwenye mfuko wa pembeni.* Hynek aliusoma mara mbili. Mdomo wake ulikwishafunguka kusema, kama ulivyozoea. Akaufunga. Akaandika: *Muulize mwenyewe*. Akautuma.

Kisha akavaa viatu, ambavyo angalau vilikuwa vikavu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Otakar.

"Kutembea."

"Peke yako? Huujui mji huu, utapotea."

Simu ya Otakar ikaanza kulia juu ya godoro. Aliitazama, hakuigusa. Hynek akafunga mlango taratibu, akashuka ngazi na kutoka nje, jua bado likiwa juu ya mapaa, na alipofika barabarani akashika njia ya kushoto bila sababu yoyote.