Kilemba cha Sukari

Ulimwona Morenike kwenye harusi ile ya Ibadan, ukageuza macho. Usikatae. Ulitazama keki yenye kilemba cha sukari, kimekunjwa sawasawa na gele, kilemba cha Kiyoruba, aliyovaa mama wa bibi harusi, wala hukumtazama aliyekifinyanga. Yeye ndiye aliyeroweka jelatini, akachanganya glukosi na gliserini, akakanda na sukari ya unga mpaka donge likawa laini kama ndewe ya sikio. Miaka tisa anakanda. Na miaka tisa, mshereheshaji akimwita mwokaji aje awaeleze wageni maana ya keki kabla haijakatwa, anayesimama ni Madam Folashade, mwenye duka.

Siku hiyo upepo mkavu wa harmatani ulipasua mkunjo mmoja. Madam akaubonyeza kwa vidole vikavu, ufa ukazidi.

"Madam, unatengeneza au unapiga pasi?" mama wa bibi harusi akauliza. Watu wakacheka.

Morenike akapiga goti kuwaamkia wakubwa, akajipaka mafuta viganjani, akausugua ufa polepole mpaka ukafunga.

"Haya, rudi nyuma," Madam akamnong'oneza.

"Sirudi, Madam. Nimeikanda mimi, nitaieleza mimi."

Akachukua kipaza sauti, akaieleza. Nawe ukala kipande chako bila kumuuliza jina. Basi ukienda harusini tena, weka sahani chini, nenda nyuma ya meza, muulize aliyekanda jina lake, umlete mbele kabla kisu hakijaingia.