Filamu Aliyoipenda Mama Peniel

Ukitaka kugombana na Dorkas wa Sepuka, mwambie filamu za mapigano ni nzuri. Atakuuliza kama hukulelewa. Kwake yeye filamu ni ile inayokutoa machozi, kisha asubuhi unaamka mtu mwingine. Na alikuwa nayo moja tu, ya Kikorea, iliyotafsiriwa na DJ Kibwagizo, yule mwenye sauti kama mashine ya kukoboa.

Ndani yake kuna mama muuza supu ambaye mwanawe aligongwa na dereva kijana akafa. Badala ya kumlaani, mama anamkaribisha dereva nyumbani na kumpikia kila wiki. "Kula, mwanangu," DJ anasema badala ya mama, "nafasi ya mtoto haikai wazi." Kijana anakula, mama analia, filamu inaisha.

Dorkas aliiona mwaka uleule Peniel wake, mtoto wa pekee, alipogongwa na pikipiki ya kijana aitwaye Mughwai kwenye barabara ya Ikungi, akafa. Kabla ya hapo alikuwa akimwombea Mughwai kifo, tena kanisani, bila aibu. Baada ya kuiona, alimtuma jirani akamwite. Kijiji kizima kikashika mdomo. Tangu hapo Mughwai anakula kwa Dorkas kila Jumapili, na ndiye anayemlimia alizeti.

Jumapili hii Janeth, mtoto wa mdogo wake Dorkas, alikuwa amekuja kutoka chuoni Dodoma. Dorkas alikuwa anasonga ugali wa uwele huku akimhubiria kuhusu filamu yake. Janeth akaitafuta kwenye simu, akaangalia, akakunja uso.

"Mama mkubwa, hii si ya msamaha. Ni ya kisasi."

"Kisasi cha nani? Acha ujuaji wako."

"Njoo uone mwenyewe. Huyo DJ wenu aliukata mwisho."

Mama wa kwenye filamu alilia kama kawaida. Kisha pale DJ anapowaaga watazamaji, picha ikaendelea. Kijana akashika tumbo, akaanguka kifudifudi mezani. Mama akafuta machozi, akatoa kichupa cha sumu mfukoni, akakiosha taratibu. Janeth akamsomea maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha. Mama hakuwa amesema lolote kuhusu nafasi ya mtoto. Alikuwa amesema, "Kula, mwanangu anakusubiri."

"Mungu wangu!" Mwiko ukamponyoka Dorkas. Miaka mitatu! Miaka mitatu amemlisha aliyemuulia mwanawe, kwa sababu ya domo la mtu anayetafuta hela ya CD! Hasira aliyodhani ameizika ilipanda upya. Alijiona mjinga, tena mjinga aliyemsaliti mtoto wake.

"Hodi humu," Mughwai akaita mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Rudi kwenu," Dorkas alisema. "Leo hakuna chakula. Nimeiona ile filamu mpaka mwisho."

Mughwai akaitazama simu, kisha akamtazama yeye. Hakushtuka hata kidogo.

"Kumbe ulikuwa hujauona?"

"Wewe uliuona lini?"

"Zamani, mama. Kabla sijanunua pikipiki nilikuwa naonyesha video Itigi. Tulikuwa nayo nzima." Akavua kofia. "Ndiyo maana jirani yako alipokuja kuniambia unataka kunipikia kama yule mama muuza supu wa kwenye filamu, nilielewa."

Janeth akajifunika mdomo.

"Ulielewa nini?" Dorkas aliuliza. "Ulidhani nakuwekea sumu?"

"Kila Jumapili nilisema labda ni leo."

"Na ukala?"

"Ningekataaje, mama? Niliona ni haki yako."

Kumbe kila sahani ambayo Dorkas alimpa kwa upendo, mwenzake aliipokea kwa mikono miwili kama kifo, akaimaliza na kusema asante.

"Mwendawazimu we!" alifoka, machozi yakimchuruzika. "Mwendawazimu mkubwa!"

Akamshika mkono, akamkalisha kwenye kigoda, akapakua sahani moja ya wote wawili. Akamega tonge, akachovya kwenye mlenda, akala yeye kwanza, mbele ya macho yake. Kisha akamsogezea sahani.

Mughwai akamega. Mtu aliyekula miaka mitatu bila kusita, siku hiyo tonge lilimshinda kumeza, akainamia magoti yake akalia kwa sauti.